Wageni Wasipokuja: Somo Kutoka Visiwa vya Shelisheli



Somo la mara hii linatupeleka mbali kidogo, baharini. Tumechagua nchi ya Shelisheli, na tunajua wengine watauliza: sisi na visiwa vya watalii, wapi na wapi? Sisi tunafuga kuku, tunauza sukuma wiki, tunachangiana pesa kila wiki na kusubiri zamu. Subirini kidogo. Nchi ile ni ndogo, na uchumi wake unaweza kuutazama wote kwa mara moja, kama vile mtu anavyotazama daftari la kikundi. Katika nchi kubwa kama Kenya mambo hujificha. Majani chai yakianguka bei, maua yanasaidia. Maua yakikwama, kuna pesa zinazotumwa na ndugu zetu walio ng'ambo. Kule kwa wenzetu milango ya pesa ni mmoja na nusu. Ule mmoja ni utalii. Ile nusu ni samaki.

Tunashauri somo lisomwe kwa vikao viwili au vitatu. Mmoja asome kwa sauti, wengine wakatize na kuuliza. Msikimbie.

NCHI YENYEWE

Shelisheli iko katika Bahari ya Hindi, kama kilomita 1,600 mashariki ya pwani ya Afrika. (Wale wa Mombasa na Lamu wanalijua jina hili kwa tunda linalochemshwa au kukaangwa kama viazi. Ndilo hilo hilo, na huko visiwani pia linaliwa sana.) Visiwa vinahesabiwa kuwa 115, lakini karibu watu wote wanakaa katika vitatu tu: Mahé, palipo na mji mkuu Victoria, halafu Praslin na La Digue. Ukikusanya ardhi yote haifiki kilomita mraba 500. Watu ni laki moja na ushei. Hebu fikirini: Kaunti ya Lamu, yenye watu wachache kuliko kaunti zote za Kenya, ilikuwa na watu karibu 144,000 katika hesabu ya 2019. Kwa hiyo tunazungumza juu ya taifa zima, lenye rais, bunge, benki kuu na kiti Umoja wa Mataifa, ambalo lina watu wachache kuliko Lamu.

Na watu wale si wageni kwetu kabisa. Wengi wao ni wa asili ya Afrika. Mababu zao waliletwa kama watumwa wa mashamba ya Wafaransa, na baadaye, katika miaka ya 1860 na 1870, manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu ziliwashusha Mahé watu waliookolewa. Leo wanazungumza Krioli, lugha iliyotokana na Kifaransa.

Kwa miaka mingi visiwa hivi viliishi kwa mbata, mdalasini na vanila. Hakukuwa na kiwanja cha ndege kubwa. Mtu aliingia au kutoka kwa meli, zile zilizopita kati ya Mombasa na Bombay, na safari ilikuwa ya siku kadhaa. Mwaka 1971 kiwanja cha ndege kikafunguliwa Mahé, na hapo kila kitu kikabadilika. Mwaka huo wa 1971 wageni walikuwa kama 3,000. Mwaka uliofuata walikuwa 15,000. Mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya uhuru, walipita 54,000.

Kijana aliyekuwa akipanda minazi kwa ujira mdogo sasa aliona kazi ya ujenzi, ya hoteli, ya kuendesha teksi. Nani angemlaumu? Mshahara ulikuwa mzuri zaidi na kazi haikuvunja mgongo. Mashamba ya minazi yakaanza kukosa mikono, na biashara ya mbata ikafifia. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba nchi iache kilimo. Iliachwa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu yake nzuri.

Tunaomba msimame hapo kidogo kabla ya kuendelea. Je, kwenu kuna zao au ufundi ulioachwa namna hiyo, bila mtu yeyote kuamua?

PESA INAINGIA, PESA INATOKA

Ukitazama vitabu vya uchumi, Shelisheli si nchi maskini. Tangu 2015 Benki ya Dunia imekuwa ikiiweka katika kundi la nchi zenye mapato ya juu. Elimu ya msingi na ya sekondari ni ya serikali, matibabu katika vituo vya serikali ni bure kwa raia. Ukilinganisha na sisi ambao bado tunafanya harambee ya bili ya hospitali, utasema wenzetu wamefika. Na kwa kweli mengi wamefanya vizuri.

Lakini kikundi kinachojua hesabu hakiulizi tu "zimeingia ngapi?" Kinauliza pia "zimebaki ngapi?"

Tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kufundishia tu, si takwimu za mtaalamu. Mume na mke wa Ujerumani wanataka kupumzika Praslin. Wanalipa kwa wakala wa safari huko huko kwao. Wakala anakata chake. Sehemu kubwa inakwenda kwa shirika la ndege, na mara nyingi hilo ni la nchi nyingine. Kinachobaki kinafika hotelini, lakini hoteli kubwa nyingi ni za wenye mitaji wa ng'ambo, na mwenye mtaji anataka faida irudi kwake. Asubuhi wageni wanakula mkate: ngano imetoka nje. Wanakula nyama na jibini: vyote vimetoka nje. Wanawasha taa na kipoza hewa: umeme mwingi wa visiwa unatokana na mafuta, na mafuta yanaletwa kwa meli. Hata baadhi ya wafanyakazi wanaotandika vitanda na kujenga vyumba wametoka nchi nyingine, kwa sababu watu wa nchi hawatoshi, na wao pia wanatuma mshahara nyumbani kwao.

Basi mgeni amelipa pesa nyingi sana, ni kweli. Lakini zimepita visiwani kama maji yanavyopita kwenye mtaro. Yale yaliyobaki kwenye udongo ndiyo yanayomea kitu: mshahara wa mwenyeji, kodi ya serikali, samaki aliyenunuliwa kwa mvuvi wa Beau Vallon, ada ya kuingia msitu wa Vallée de Mai kuona ile minazi ya ajabu inayozaa mbegu kubwa kuliko zote duniani.

Mchele haulimwi kabisa kule, na wao wanakula wali kila siku. Kwa hiyo kila sufuria ya wali inapikwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinaletwa na mgeni. Hapo ndipo kamba ilipofungwa. Mgeni asipokuja, si hoteli peke yake inayoumia. Sahani ya bibi kizee ambaye hajawahi kuingia hoteli inaumia pia.

Ile nusu ya pili, samaki, ina hadithi yake. Victoria ina kiwanda cha kusindika jodari ambacho ni kati ya vikubwa zaidi duniani, na mikebe yake inauzwa sana Ulaya. Meli kubwa zinazovua jodari hao, nyingi ni za Wahispania na Wafaransa, na zinalipa leseni. Ni mlango halisi, unaajiri watu, unaleta fedha. Lakini nao unategemea soko la mbali, na samaki wa baharini hawajali mipaka wala mipango ya serikali.

MWAKA 2008: WAGENI WALIKUWEPO, NCHI IKAANGUKA

Sehemu hii tunaomba isomwe mara mbili, kwa sababu watu wengi hudhani nchi ya utalii huanguka wageni wakikosekana tu. Shelisheli ilianguka wageni wakiwapo.

Mwaka 2007 walikuja wageni zaidi ya 161,000, wengi kuliko mwaka wowote kabla yake. Hoteli mpya zilikuwa zikijengwa. Lakini kwa miaka mingi serikali ilikuwa imeishikilia bei ya rupia yao juu kuliko thamani yake, na ilitumia kuliko ilivyopata. Ukiishikilia bei ya pesa yako kwa nguvu, dola zinakuwa rahisi kwa karatasi, lakini hazipatikani dirishani. Watu walikwenda benki wakaambiwa wangoje. Maduka yalikosa bidhaa, na pesa zikabadilishwa uchochoroni kwa bei nyingine. Wazee wetu wanaokumbuka Kenya ya mwanzo wa miaka ya 1990 wanajua tunachosema.

Ili kuziba pengo, serikali ilikopa. Mwaka 2006 na 2007 iliuza nje hati za mkopo, zile ziitwazo bondi, za dola milioni 230, kwa riba ya zaidi ya 9%. Kwa muda mambo yalionekana kutulia. Halafu 2008 bei ya mafuta na ya chakula ikapanda dunia nzima, na nchi inayoagiza vyote viwili ikabanwa koo. Oktoba 2008 Shelisheli ilitangaza kwamba haiwezi kulipa. Deni lote lililodaiwa nje lilikuwa kama dola milioni 800. Ligawanye kwa watu wasiofika 90,000 waliokuwapo wakati huo: kila mmoja, pamoja na mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, alikuwa anadaiwa karibu dola 9,000.

Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na mkopo wa kama dola milioni 26, pamoja na dawa yake ya kawaida. Mwezi wa Novemba rupia ikaachwa ielee yenyewe sokoni, na kutoka kama 8 kwa dola ikaporomoka mpaka kama 16. Mtu aliyelala na akiba ya kununua magunia mawili ya mchele aliamka na ya gunia moja. Wafanyakazi wa serikali walipunguzwa, ruzuku zikaondolewa. Sisi Wakenya tunaijua dawa hiyo, tuliinywa tulipoambiwa tuchangie gharama hospitalini. Ni chungu, na mara nyingi anayeinywa siye aliyeugua. Yule aliyekopa kwa jina la nchi hakupanga foleni ya mchele.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili. Mwaka 2009 nchi za Ulaya na nyingine zilizokuwa zikidai zilikubali kufuta 45% ya deni lao. Wenye bondi nao wakakubali kupunguza. Na wenzetu, badala ya kukimbilia kukopa tena, walikaza mshipi kwa miaka kumi. Serikali ilitumia pungufu ya mapato yake mwaka baada ya mwaka, benki kuu ikakusanya akiba ya fedha za kigeni, na deni likashuka hadi chini ya 60% ya pato la taifa ifikapo 2019. Mwaka huo wageni walifika 384,204, zaidi ya mara mbili ya wale wa 2007. Hiyo ndiyo miaka ambayo hakuna gazeti linaiandika, kwa sababu hakuna kilichotokea. Sisi tunaona ndiyo miaka muhimu kuliko yote katika habari hii.

MWAKA 2020: MLANGO UKAFUNGWA

Korona ilipoingia Machi 2020, ndege zilisimama. Kutoka wageni 384,204 mwaka 2019, idadi ilianguka mpaka 114,858 mwaka 2020, na wengi wa hao walikuwa wamekuja kabla ya mwezi wa Aprili. Hoteli nzima nzima zilikuwa kimya. Nahodha wa mashua ya watalii, mchonga vinyago, mama anayekodisha vyumba vitatu juu ya nyumba yake, wote siku moja wakawa hawana kazi.

Hali hiyo sisi pwani ya Kenya tunaijua hata kabla ya korona. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 hoteli za Diani na kwingineko zilifunga milango, na wafanyakazi wakarudi makwao na mabegi. Hata waliouza nazi, mchicha na makuti kwa hoteli waliona. Shelisheli wenyewe walikuwa wameonja: mwaka 1981 mamluki waliteremka kiwanja cha ndege wakajaribu kupindua serikali, na mwaka uliofuata wageni walipungua chini ya 50,000, wakati mwaka 1979 walikuwa karibu 79,000. Mgeni ni kama ndege wa mtini, mlio mmoja tu anaruka. Wala hahitaji sababu ya haki.

Sasa tofauti na 2008 ni hii. Safari hii serikali ilikuwa na akiba. Kwa miezi kadhaa ililipa mishahara ya wafanyakazi wa kampuni binafsi ili wasifukuzwe. Ni jambo kubwa. Lakini akiba ya kikundi hata iwe nene ina mwisho. Rupia ikadhoofika kutoka kama 14 kwa dola hadi zaidi ya 20, bei zikapanda, deni likapanda tena kwa kasi, na Julai 2021 wakarudi kwa lile lile Shirika la Fedha la Kimataifa kwa mkopo wa dola milioni 105.

Walichanja watu wao mapema, na Machi 25, 2021 wakafungulia wageni wa karibu dunia nzima, wakati wengi bado walikuwa wamefunga. Wageni wakarudi. Rupia ikapata nguvu tena kabla mwaka haujaisha. Kufikia 2023 wageni walikuwa 350,879. Nchi iliyoanguka 2008 ikiwa na wageni tele, mwaka 2020 ilikosa wageni lakini haikushindwa kulipa deni lake. Tunaomba kila kikundi kikae na jambo hilo. Misiba ilikuwa miwili, na ule wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Kilichotofautiana ni hali waliyokuwa nayo siku ilipofika.

MBELE KUKOJE?

Wachumi wanaoitazama Shelisheli leo wanasema itaendelea kukua, polepole. Kufikia 2023 idadi ya wageni ilikuwa imerudi karibu na ile ya 2019, ila haikuwa imeruka zaidi yake kama watu walivyotazamia. Sababu moja ni kwamba visiwa ni vidogo. Huwezi kujaza watu bila mwisho: maji ya kunywa ni haba wakati wa kiangazi, takataka hazina pa kutupwa, barabara za Mahé zimebanwa kati ya mlima na bahari. Kwa sababu hiyo mwaka 2015 serikali ilisimamisha kwa muda vibali vya hoteli kubwa mpya katika visiwa vikuu. Sisi tunaona huo ulikuwa uamuzi wa kiume, au tuseme wa kike, maana kina mama ndio hujua sufuria ikijaa.

Sababu ya pili ni bahari yenyewe. Watalii wanakuja kwa mchanga mweupe, na mchanga huo unalindwa na matumbawe. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi mno kuzunguka visiwa vya kati yakafa, zaidi ya 90% katika sehemu nyingi. Yalianza kupona, halafu joto likaja tena 2016. Ufuo unaliwa na mawimbi. Na huo moshi unaoongeza joto la dunia haukutoka kwao. Laki moja ya watu wangechoma nini? Tena ndege inayomleta mgeni ni sehemu ya moshi huo huo. Hapo mtu anakuwa kama muuza makaa ambaye mvua zake zinategemea msitu anaoukata. Hatusemi hivyo kuwalaumu. Ni fundo gumu, na hatujaona aliyelifungua.

Tarehe 7 Desemba 2023 usiku ghala la baruti lililipuka katika eneo la viwanda la Providence, Mahé, na usiku huo huo mvua kubwa ikaleta mafuriko na maporomoko ya ardhi. Rais akatangaza hali ya hatari kwa siku ile. Biashara nyingi za eneo lile zilibomoka. Katika nchi kubwa ingekuwa habari ya wilaya moja. Kule eneo moja la viwanda ni sehemu kubwa ya viwanda vyote.

Na bado kuna jambo la mapato ya juu. Nchi ikiitwa tajiri, mikopo ya riba nafuu na misaada inapungua, ingawa dhoruba hazipungui. Viongozi wa visiwa vidogo wamelalamika miaka mingi kwamba wanapimwa kwa kipimo kisicho chao, na tunakubaliana nao.

Wenzetu hawakukaa mikono kifuani. Waliingia mpango wa kubadilisha sehemu ya deni, kama dola milioni 21, ili pesa za kulipa ziende katika kulinda bahari, na kufikia 2020 walikuwa wametenga 30% ya bahari yao kuwa ya hifadhi. Mwaka 2018 waliuza bondi ya dola milioni 15 kwa ajili ya uvuvi na bahari, ya kwanza ya aina yake duniani. Agosti 2023 walianza kutoza wageni ada ya mazingira kwa kila usiku wanaolala: rupia 25 katika nyumba ndogo, 75 katika ya kati, 100 katika hoteli kubwa. Na nyumba ndogo za wageni zimewekwa kuwa biashara ya raia wenyewe. Katika yote, hili la mwisho ndilo lililotuvutia zaidi. Mgeni anapolala kwa mama wa La Digue, akala samaki wa mume wake na boga la shamba lake, zile pesa hazipiti mtaroni. Zinalala hapo hapo.

Lakini tusidanganyane. Boga la mama huyo halitalisha nchi. Ardhi ni kidogo na ni ya milima, mchele utaendelea kuja kwa meli, na utalii utabaki mlango mkuu kwa watoto na wajukuu wao. Anayewaambia wauache hajui jiografia. Kazi yao ni kupunguza maji yanayopita mtaroni na kuongeza akiba ya siku ambayo mlango utafungwa tena, maana utafungwa.

TURUDI KWENYE DAFTARI LETU

Tunatembelea vikundi vingi. Tumeona kikundi cha kina mama kinachouza mboga zote kwa hoteli moja, na kingine kinachouza maziwa yote kwa mnunuzi mmoja mwenye pikapu. Tumeona cha wachonga vinyago ambao soko lao lote ni duka moja la mjini. Bei ni nzuri, hatubishi. Kuuza kwa mnunuzi mmoja kunapunguza usumbufu na nauli. Lakini tulipouliza, "akikosa kuja mwezi mmoja mtafanyaje?" tulijibiwa kwa kicheko.

Tumeona pia vikundi vilivyochukua mkopo vikiwa katika mwezi mzuri kuliko yote. Afisa wa mkopo huja wakati huo, hasa kwa sababu daftari linapendeza. Shelisheli walikopa 2006 na 2007, si katika mwaka wa njaa. Mkopo wa kununua ng'ombe wa pili ni jambo moja. Mkopo wa kulipa marejesho ya mkopo uliotangulia ni jambo lingine kabisa, na katika vikundi vyetu huu wa pili unazidi siku hizi, tena kwa simu, usiku, bila mwenyekiti kujua.

Kwa hiyo mkikutana, fanyeni hivi. Chukueni karatasi kubwa, au choreni chini kwa fimbo. Choreni nyumba yenye milango. Kila mlango ni njia moja ya pesa kuingia katika kikundi. Mlango unaoingiza nyingi chorene mpana, wa chache mwembamba. Halafu choreni mifereji inayotoa: chakula cha kuku, mbolea, nauli, marejesho, karo, kadi za simu. Msibishane juu ya hesabu kamili kwanza, choreni tu.

Kisha jadilianeni haya:

1. Mlango mpana kuliko yote ukifungwa kwa miezi mitatu, nani katika kikundi ataumia wa kwanza? Je, yumo hapa kikaoni, na amewahi kuulizwa maoni yake?

2. Katika mifereji inayotoa pesa, upi tunaweza kuuziba sisi wenyewe mwaka huu? Kwa mfano, kuna kitu tunachonunua mjini ambacho mwanakikundi mmoja anaweza kukitengeneza au kukilima?

3. Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ni miezi mingapi tuliyopata zaidi ya kawaida? Ile ziada ilikwenda wapi?

4. Deni la kikundi na madeni ya wanakikundi binafsi, yakikusanywa pamoja na kugawanywa, kila mmoja wetu anadaiwa shilingi ngapi?

Swali la nne lina aibu ndani yake, tunajua. Wengine wana madeni ambayo hata mume au mke hajui. Mnaweza kuandika vikaratasi bila majina, mkaviweka kikapuni, mkajumlisha. Kwa swali la tatu mwekahazina aje na daftari la mwaka mzima. Vikundi vilivyo karibu na parokia vinaweza kutuletea michoro yenu kabla ya toleo lijalo. Tutachagua miwili au mitatu tuizungumzie hapa, bila kutaja jina la kikundi.